Matangazo ya TV ya enzi za I Love Lucy na The Flintstones: wahusika waliouza bidhaa bila kutoka kwenye mchezo (uzi maalumu)

Pwani_Moja

Wakuu, habari za muda huu.

Humu tuna nyuzi za muziki wa zamani, za magari ya zamani, za wachezaji wa zamani. Uzi wa matangazo ya zamani ya televisheni sijakutana nao, kwa hiyo nauanzisha mimi. Nitajikita kwenye aina moja ninayoipenda kuliko zote: matangazo ya Marekani ya miaka ya 1950 na 1960 ambayo anayekuuzia kahawa, sigara au sabuni si mtangazaji mwenye tai, ni mhusika yuleyule uliyekuwa unamtazama dakika moja iliyopita kwenye kichekesho. Fred Flintstone na jirani yake Barney. Lucy na Ricky. Sherifu Andy wa Mayberry. Bibi wa The Beverly Hillbillies. Mchezo unasimama, wao hawatoki. Wanabaki palepale jikoni au barazani, wanakutolea pakiti, wanabishana kidogo kwa tabia zao zilezile, halafu maisha yao yanaendelea.

Msimamo wangu nausema mapema ili tubishane vizuri: yale matangazo yalikuwa sehemu ya mchezo. Yalichezwa na waigizaji walewale, mara nyingi kwenye jukwaa lilelile. Marudio tuliyokuja kuyaona sisi huku duniani yalikatwa hayo vipande, na pamoja navyo ikakatwa namna nzima ambayo watu wa wakati ule walivyokaa na vipindi hivi.

Asili yake ni redio. Kampuni moja ilikuwa inanunua kipindi kizima, na wakala wake wa matangazo ndiye anayekisimamia. Mchekeshaji Jack Benny, miaka ya 1930, alikuwa akilichomeka jina la kitindamlo cha Jell-O ndani ya salamu yake ya kufungua kipindi. Kwenye kichekesho cha redio cha Fibber McGee and Molly mdhamini alikuwa nta ya Johnson, basi mtangazaji wao Harlow Wilcox akawa anaingia ndani ya hadithi kama mgeni wa nyumbani, na mazungumzo yoyote atakayoyakuta, yawe ya mvua au ya deni, atayapindisha hadi yafike kwenye nta ya sakafu. Wenyeji wanamshtukia, wanamtania, yeye haachi. Msikilizaji anajua kabisa kwamba tangazo linakuja, anachosubiri ni kuona safari hii litapitia mlango gani.

Wachekeshaji George Burns na mkewe Gracie Allen wakauhamishia ufundi huo kwenye TV mwaka 1950, mtandao wa CBS, wakidhaminiwa na maziwa ya kopo ya Carnation. Carnation ni jina la ua, na Gracie hakuwahi kuelewa maziwa yanakamuliwaje kutoka kwenye ua. Mtangazaji anajitahidi kumfafanulia, Gracie anazidi kuchanganya mambo, na katika kule kuchanganya kopo linabaki mbele ya kamera muda wote. Gracie angeuliza swali hilohilo hata kama hakuna anayelipia. Ndivyo alivyo. Tangazo likimwacha mhusika awe yeye, linaishi miaka sabini.

Sasa I Love Lucy, na hapa naomba mnivumilie.

Kilianza tarehe 15 Oktoba 1951, mdhamini akiwa sigara za Philip Morris. Wengi tunakijua kwa ule mwanzo wenye moyo mkubwa juu ya kitambaa cha hariri. Moyo ule uliwekwa baadaye kwa ajili ya marudio. Mwanzo wa asili ulikuwa na vikatuni vya Lucy na mumewe wakihangaika kwenye pakiti kubwa ya sigara. Na kulikuwa na Johnny Roventini, mtu mfupi mwenye sare ya mhudumu wa hoteli, ambaye sauti yake ya kuita jina la Philip Morris nchi nzima iliijua tangu redioni. Lucille Ball na Desi Arnaz wenyewe, waliocheza Lucy na Ricky, nao walitokea kwenye matangazo wakipeana sigara kama mke na mume waliotulia nyumbani kwao.

Kisa kikubwa zaidi ni cha filamu yenyewe. Wakati ule vipindi vingi vikubwa vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, kwa sababu upande wa mashariki ndiko kulikokuwa na watazamaji wengi. Kipindi kikirushwa kutoka Hollywood, vituo vya mashariki vilipata nakala iliyopatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha TV, picha imejaa ukungu. Philip Morris hawakutaka wateja wao wa mashariki waone ukungu. Lucille na Desi nao hawakutaka kuhama California. Wakakubaliana kupiga kila sehemu kwa filamu ya sinema, kamera tatu kwa mkupuo mmoja, watazamaji wamekaa ukumbini, mpiga picha mkuu akiwa Karl Freund. Gharama ikapanda. Wale wawili wakakubali kupunguziwa malipo, lakini wakadai filamu ziwe mali yao, na mwaka 1957 wakaziuza kwa CBS kwa mamilioni ya dola.

Fuatilieni mnyororo huo. Mdhamini alidai picha safi. Picha safi ikalazimisha filamu. Filamu ikawezesha kipindi kurudiwa miaka na miaka, nchi na nchi. Na marudio ndiyo yaliyomkata mdhamini, kwa sababu kituo kinachonunua marudio kina wateja wake wa kuwarushia matangazo, hakina sababu ya kumtangaza Philip Morris bure. Kila nikiona ule moyo wa hariri nauona kama kiraka juu ya pakiti ya sigara.

Na kuna sehemu moja, ile ya tarehe 5 Mei 1952, ambapo Lucy anapata kibarua cha kutangaza dawa ya kuongeza nguvu kwenye TV. Dawa ina kilevi asilimia 23, mazoezi yanarudiwa, kila mara anameza kijiko, hadi ulimi unakuwa mzito na jina refu la dawa linamshinda kabisa. Kichekesho kuhusu tangazo, ndani ya kipindi kilicholipiwa na tangazo. Ukikitazama bila Philip Morris pembeni bado unacheka, ila nusu ya ujasiri wake huioni.

Karibuni.

Bint Kibokoni

Ndugu yangu, uzi mtamu wallahi. Ila kuna la Flintstones umelitaja juu juu na ndilo lililonileta hapa. Mimi niliwajua Fred na Barney kwa katuni za watoto. Siku nilipoona kwenye YouTube wale wawili wamejificha nyuma ya nyumba wanavuta sigara nilidhani ni mtu katengeneza mzaha kwa kompyuta. Mwanangu wa miaka minane alikuwa kando yangu. Tafadhali eleza, maana huyu ni Fred!

Pwani_Moja

Dada yangu, lile ni tangazo halisi. The Flintstones ilianza tarehe 30 Septemba 1960 kwenye ABC, Ijumaa usiku, na ilikuwa katuni ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya saa za usiku wakati familia nzima imekaa. Ililengwa kwa watu wazima pia. Wadhamini wake wa mwanzo walikuwa wawili: sigara za Winston za kampuni ya R.J. Reynolds, na Miles Laboratories, watengenezaji wa dawa na vitamini.

Tangazo unalolisema liko hivi: Wilma anakata nyasi, Betty anapiga zulia vumbi litoke. Fred na Barney wamejilaza wanawatazama. Wanaona huruma jinsi wake zao wanavyochoka. Wakiwa na huruma hiyo, wanaamua kuhamia nyuma ya nyumba ili wasiwaone wakichoka. Huko ndiko Winston inakotolewa.

Tazama ulivyo ufundi wake. Ule uvivu wa Fred, ule ujanja wa kitoto wa wanaume wawili, ni kitu ambacho kipindi chenyewe kilikuwa kimekijenga wiki hadi wiki. Aliyeandika tangazo hakubuni kitu. Amechukua tabia iliyoiva na kuiwekea sigara mdomoni. Ndiyo maana linafanya kazi, na ndiyo maana linatisha.

Pebbles, binti wa Fred na Wilma, alipozaliwa kwenye hadithi, Februari 1963, nyumba ile ikawa nyumba yenye mtoto, na mdhamini anayekumbukwa wa kipindi hicho ni Welch's, wauza juisi ya zabibu. Kisha mwaka 1968 Miles wakatoa vitamini za watoto zenye maumbo ya Fred na wenzake, na mwaka 1971 kampuni ya Post ikatoa nafaka za asubuhi kwa jina la yule mtoto, Pebbles. Sura ileile iliyouza sigara ikawa inauza vitamini kwa watoto ndani ya miaka kumi.

Mwalimu Ngazija

Naomba niseme jambo ambalo huenda likachukiza. Sioni cha kutamani hapo. Baba yangu mkubwa alikufa kwa mapafu. Haya matangazo yaliwafikia watu sebuleni kwao kwa kupitia nyuso walizozipenda, na waliolipia walijua nguvu ya nyuso hizo, la sivyo wasingelipia. Tukiyaita matamu tunawasaidia tena walewale.

Pwani_Moja

Mwalimu, pole sana kwa mzee wetu. Hoja yako naichukua kwa uzito wote.

Tarehe 11 Januari 1964 Daktari Mkuu wa serikali ya Marekani, Luther Terry, alitoa ripoti iliyosema wazi kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu. Matangazo yaliendelea kwenye TV karibu miaka mingine saba baada ya hapo. Sheria ya kuyaondoa ilisainiwa Aprili 1970 na siku ya mwisho ya tangazo la sigara ikawa tarehe 1 Januari 1971. Desi Arnaz, yule aliyekuwa akimwashia Lucy sigara kwa upole kwenye TV, alifariki Desemba 1986 kwa saratani ya mapafu. Hayo yote ni kweli na siyafunikii.

Lakini ndiyo sababu nataka filamu zibaki nzima. Mtu anayetazama I Love Lucy iliyokatwa anaona familia safi isiyo na deni kwa mtu. Anayeitazama nzima anaona nani alilipa, na alilipa ili apate nini. Ukikata tangazo unamsafisha mdhamini. Historia ya sigara iliyoingia majumbani kwa mlango wa kicheko ushahidi wake umo humo, na mimi nataka mwanafunzi wako auone kwa macho yake.

Na kupenda kwangu sikuondoi. Naipenda kazi ya waigizaji wale. Napenda kwamba mtu alikaa akaandika sekunde sitini kwa uangalifu uleule wa kuandika mchezo mzima. Vyote viwili nimevibeba, sitaki kuchagua kimoja.

Kahawa Chungu

Mimi sigara niwaachieni, nije na kahawa.

The Andy Griffith Show, CBS, kuanzia Oktoba 1960 hadi 1968. Mdhamini General Foods, kwa hiyo utaona kahawa ya Sanka, nafaka za Post na Jell-O. Haya ndiyo matangazo bora kuliko yote kwenye uzi huu na niko tayari kukesha nikiyatetea. Andy ni sherifu wa mji mdogo wa kubuni, Mayberry. Kwenye kipindi hana haraka, hapigi kelele, hata bunduki habebi. Basi kwenye tangazo pia hana haraka. Anakaa, shangazi yake Aunt Bee anamletea kikombe, anaongea na wewe kama anavyoongea na mwanawe Opie, hasukumi kitu. Wakati mwingine Opie mwenyewe, yaani Ron Howard akiwa mtoto mdogo kabisa, anakaa mezani na bakuli lake, na baba na mwana wanazungumza vilevile wanavyozungumza kwenye hadithi.

Sanka ilikuwa kahawa iliyoondolewa kafeini. Kahawa ya mtu anayetaka usiku utulie. Ungeipeleka kwa nani kama si kwa Andy? Mtu aliyeona kwamba ile bidhaa na ule mji vina mwendo mmoja alikuwa na jicho.

Nawaombeni mtazame uso wa Frances Bavier, yule Aunt Bee, anapomimina. Hakuna hata dalili moja ya kwamba sasa ni tangazo.

Pwani_Moja

Kahawa Chungu, hapo umenigusa penyewe. Nakubaliana nawe kuhusu Mayberry kwa asilimia zote.

Nikupe mfano wa upande wa pili, ambao wengi husifu na mimi haunigusi. Hogan's Heroes, kile kichekesho cha wafungwa wa vita kwenye kambi ya Wajerumani, walipiga tangazo la Jell-O na Dream Whip wakiwa na mwigizaji Carol Channing amekuja kuwatembelea. Waigizaji wazuri, mavazi yaleyale, kambi ileile. Lakini kitindamlo kizuri hakina sababu ya kuwa pale, na mgeni naye hana. Utamu wote unategemea wewe kushangaa, ukishashangaa mara ya kwanza hakuna kilichobaki. Linganisha na Granny, yule Bibi wa The Beverly Hillbillies, akiwa na Corn Flakes za Kellogg's. Wale ni watu wa milimani waliopata utajiri wa mafuta wakahamia Beverly Hills bila kubadilika hata chembe, kwa hiyo kila kitu cha kisasa wanakipokea kwa akili yao ya kule milimani. Pakiti ya dukani mikononi mwa Granny tayari ni mchezo. Na wao, wakuu, walikuwa na wadhamini wawili: Kellogg's na Winston. Asubuhi nafaka, jioni sigara, familia ileile.

Zuhura wa Ilala

Mimi naandika matangazo ya redio hapa Dar, niruhusuni nichangie kama mtu wa kazi.

Kinachofanywa na wale ni kitu kigumu mno. Mteja siku zote anataka jina la bidhaa litajwe mara nyingi iwezekanavyo, na anataka mhusika aisifie. Mhusika wa kichekesho akisifu kitu moja kwa moja anakufa hapohapo, kwa sababu watu wanampenda kwa udhaifu wake. Mzee Majuto, Mungu amrehemu, alipokuwa kwenye tangazo ulikuwa unasikiliza kwa sababu ni Majuto: analalamika, anageuza maneno, anakasirika bila sababu. Matangazo yake yaliyobaki vichwani mwa watu ni yale yaliyomwacha alalamike. Pale alipopewa karatasi ya kusifia, hakuna anayeyakumbuka. Tangu afariki Agosti 2018 nimewaambia wateja wangu jambo hili mara nyingi, na wengi bado wanataka karatasi ya kusifia.

Swali kwa Pwani_Moja: nani alikuwa akiandika yale matangazo ya Marekani? Wakala au waandishi wa kipindi?

Pwani_Moja

Dada Zuhura, asante sana, hili la Mzee Majuto ni la kuwekwa fremu.

Ilitegemea mkataba, lakini cha msingi ni kwamba wakala na kipindi walikuwa karibu mno kuliko leo. Mdhamini wa miaka ya 1950 hakuwa mtu wa kununua nafasi tu. Alikuwa na kauli. Kipindi kikimuudhi anaondoka nacho. Na kikimfaa anakiokoa. The Dick Van Dyke Show ilianza Oktoba 1961 na ilikuwa inaelekea kufutwa baada ya msimu mmoja. Mtayarishaji Sheldon Leonard akafunga safari hadi Cincinnati, makao makuu ya Procter & Gamble, kuwashawishi wasiondoke. Nusu ya pili ya udhamini ikachukuliwa na P. Lorillard, wenye sigara za Kent. Kwa hiyo kile kipindi ambacho wengi tunakiona ni kilele cha vichekesho vya enzi ile, chenye Mary Tyler Moore bado msichana, kiliendelea hadi 1966 kwa sabuni na sigara. Dick na Mary wakatokea kwenye matangazo ya Kent. Mwalimu Ngazija, na hili nalo ni la kwenye faili lako.

Kwa mtu wa kazi yako nakushauri pia Bewitched, ABC, kuanzia Septemba 1964. Mume, Darrin, ameoa mchawi, Samantha, na kazi yake ni kuandika matangazo kwenye wakala wa McMann and Tate. Karibu kila wiki kuna mteja anayekuja kula chakula cha jioni nyumbani, wakwe wachawi wanaharibu kila kitu, na mwishoni ule uharibifu unageuka kuwa wazo la tangazo, mteja anafurahi. Wadhamini halisi wa kipindi walikuwa Chevrolet na Quaker Oats. Unaona mduara huo? Hadithi ya mwandishi wa matangazo, inayolipiwa na matangazo, na Elizabeth Montgomery mwenyewe, yaani Samantha, mchawi wetu, anakutolea gari la mdhamini. Chevrolet walidhamini pia Bonanza ya NBC, na kwa magari yao ya mwaka 1965 walitengeneza tangazo refu la rangi lenye waigizaji wa vipindi vyote hivyo. Kumbuka Bewitched yenyewe wakati huo ilikuwa nyeusi na nyeupe. Kuna watu walimwona Samantha kwa rangi mara ya kwanza kwenye tangazo la gari.

Kahawa Chungu

Hiyo ya rangi sikuijua. Asante mkuu.

fundi_projekta

Salaam wakuu. Mimi nilikuwa fundi wa projekta za mm 16, zile za magari ya sinema ya kuzunguka, tunatundika shuka uwanjani kijiji kizima kinakaa chini. Naomba niwaeleze namna tangazo linavyotolewa kwenye filamu, maana naona mnazungumzia kukatwa kama jambo la kubonyeza.

Vituo vya TV vilipokea nakala za mm 16. Tangazo lililokuwa ndani ya nakala linakatwa kwa mkasi au kwa kisu cha mashine ndogo ya kuungia. Unakata mwanzo wa tangazo, unakata mwisho wake, unaunganisha ncha mbili kwa gundi au kwa utepe, kipande kinachobaki mkononi unakitupa kwenye ndoo. Sauti kwenye mm 16 iko mbele ya picha yake kwa fremu 26, kwa hiyo ukikata kwa kufuata picha, sauti inakatika mahali pengine. Ndiyo maana kwenye vipindi vya zamani unasikia neno limemezwa au muziki umeruka ghafla. Ule mruko ni kovu la tangazo.

Ndoo zilikuwa zinajaa. Vipande vilivyosalimika vipo kwa sababu ya nakala ambazo hazikupitia mkasi, zilizobaki kwa wakala, kwa mdhamini au stoo ya kituo, zikaja kuuzwa kwa watu wanaokusanya filamu. Wao ndio walioweka mtandaoni haya mnayoyaona. Wengi ni wazee, na filamu nayo inazeeka: ikihifadhiwa kwenye joto na unyevu inatoa harufu ya siki na kujikunja, na harufu hiyo ikianza hairudi nyuma.

Bint Kibokoni

Mzee wangu, ahsante. Sasa nitakuwa nausikia huo mruko kila mahali.

Na iliishaje hii biashara? Mbona leo mhusika hatoki kwenye mchezo kuniuzia kitu?

Pwani_Moja

Mzee fundi, shikamoo. Umetupa kitu ambacho hakuna kitabu kingetupa kwa uwazi huo.

Bint Kibokoni, iliisha polepole na kwa sababu zaidi ya moja. Gharama ya kutengeneza kipindi ilipanda hadi kampuni moja haikuweza kukibeba peke yake, wakaanza kugawana wawili, kisha wakawa wananunua dakika moja moja. Halafu kulikuwa na kashfa ya mwaka 1959, pale ilipothibitika kwamba michezo ya maswali kwenye TV ilikuwa inapangwa na washindi wanapewa majibu, na wadhamini walikuwa na mkono wao. Mitandao ya televisheni ikapata sababu nzuri ya kuwanyang'anya wadhamini usukani. Kampuni ikishakuwa mpangaji wa sekunde chache kati ya wapangaji kumi, mhusika hawezi kuwa wa kwake tena. Mwaka 1971 sigara zikatoka, zikiwa ni miongoni mwa walipaji wakubwa kabisa, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 tangazo la sekunde sitini likapungua kuwa thelathini. Sekunde thelathini hazimtoshi Gracie hata kuuliza swali lake. Mwaka 1974 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikaja na mwongozo wake kuhusu vipindi vya watoto: mhusika wa kipindi asiuze bidhaa ndani ya kipindi chake mwenyewe, kwa sababu mtoto hawezi kuona mpaka kati ya hadithi na biashara. Kwa watoto naiunga mkono sheria hiyo bila kusita.

Haikufa kabisa. Bart Simpson alianza kuuza chokoleti za Butterfinger mwaka 1988, yaani kabla hata The Simpsons haijapata kipindi chake cha nusu saa mwishoni mwa 1989, na ni matangazo mazuri kwa sababu Bart anabaki mchoyo na Homer anabaki mlafi. Friends walifanya Diet Coke mwaka 1996. Ila hayo ni mambo ya kampeni, yanakuja na kuondoka. Kile cha mtu mmoja kukaa na familia ileile na kopo lilelile la maziwa miaka kadhaa hakijarudi.

Mwalimu Ngazija

Nimesoma majibu yote. Bado nasimama upande wangu kuhusu sigara. Lakini ule mduara wa Bewitched nitaupeleka darasani, na lile la Flintstones pia nitalionyesha kidato cha nne, pamoja na tarehe ya ile ripoti ya 1964. Nitawauliza ni nini hasa kilichowafanya wacheke, na kicheko chao kilikuwa kinafanya kazi kwa ajili ya nani.

Pwani_Moja

Mwalimu, hilo ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Ukiwafundisha hivyo njoo utuambie walisema nini.

Kwa wanaotaka kuanza kutafuta, mambo machache ya kusaidia macho yenu. I Love Lucy ikianza na moyo wa hariri, unatazama toleo la marudio. Baadhi ya matoleo ya diski yamewekewa mwanzo wa asili kando, mtafute. The Flintstones ya misimu miwili ya kwanza haikuwa na ule wimbo maarufu unaoanza kwa kututambulisha kwa familia yao. Ilikuwa na muziki mwingine usio na maneno, na wimbo ule uliingia msimu wa tatu, 1962. Ukiona sehemu ya 1960 inaanza na wimbo huo, ujue mwanzo umebadilishwa ili kumwondoa mdhamini. The Beverly Hillbillies angalia mwanzo na mwisho kabisa, hapo ndipo majina ya Kellogg's na Winston yalipokaa. The Andy Griffith Show, tafuteni matangazo ya Sanka na ya Post kwanza, mengine yatafuata yenyewe.

Na mwenye kiungo cha Burns and Allen chenye tangazo la Carnation ndani yake, lile la Gracie na ua, lisilokatwa, akiweke hapa chini. Nimeona vipande. Natafuta kipindi kizima, kuanzia salamu ya kwanza hadi kopo la mwisho.